Gundi ya Bomba: Siku Nane Kati ya Kirumba na Ukara

Jumatano. Mwanza

Timu yetu ni watu watano. Mkorea ndiye kiongozi. Anakaribia miaka 60, anafundisha vijana gitaa na Biblia. Mbrazili ni fundi bomba. Dada Mjerumani ni muuguzi. Mama mpishi ni Mkerewe wa Nansio, kisiwani Ukerewe, na hilo neno "mpishi" ni la kwenye karatasi tu, maana bila yeye hatuvuki hata Barabara ya Makongoro. Mimi ni Msukuma wa Igoma, dereva na mkalimani, mwaka wa tatu sasa. Majina nayaacha. Makanisa yanayowatuma husoma kila kitu, na sitaki mtu apigiwe simu usiku kwa sababu ya kalamu yangu.

Habari ya lugha ieleweke mapema. Mkorea ana Kiingereza kizuri na Kiswahili cha salamu. Mbrazili Kiingereza hana, lakini Kiswahili alikiokota kwa mafundi na wauza vifaa, kwa hiyo anakijua zaidi cha kugombania bei kuliko cha kuombea. Dada alikaa miezi minne Makoko, kile chuo cha lugha cha Musoma ambako wamisionari wengi wamepitia, na husema "niwie radhi" pale ambapo sisi wengine tunasema "sori". Maana yake ni kwamba kiongozi na fundi wake hawawezi kuzungumza jambo lolote mpaka nikae katikati. Kwa miaka mitatu nimekuwa kama kivuko chao: mzigo wa huku unapita kwangu kwenda kule.

Leo tumenunua. Tunakwenda kisiwa cha Ukara kufunga tangi la maji ya mvua kwenye kanisa moja dogo, na Dada atashirikiana na watu wa zahanati katika somo la kichocho. Tangi la lita 5,000 tulilichukua Nyakato asubuhi tukalifunga juu ya pikapu. Tulipofika Mabatini watoto wakatukimbilia pembeni: "Humo ndani kuna nani?" Mbrazili akawajibu kwa sauti, "Mama mkwe wangu!" Sijui alijifunzia wapi hiyo.

Mjini tukachukua gata, bomba, elbo, koki, msumeno wa chuma, na gundi ya bomba makopo mawili. Mbrazili anahesabu kila kitu mara mbili na kukiwekea alama kwenye daftari. Watu hudhani Mjerumani ndiye mtu wa saa na daftari. Sivyo. Dada huchelewa kila safari kwa sababu tangu atoke Makoko hawezi kumpita mzee bila kumpa shikamoo, na mzee wa Mwanza ukishampa shikamoo utaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, na za mvua.

Jioni tukapitia mwalo wa Kirumba, Mkorea alitaka dagaa. Kwao wanakausha samaki wadogo wa baharini na kuwachemshia supu, kwa hiyo kila akifika pale anasimama mbele ya gunia kama mtu aliyepokea barua. Muuzaji alivyoona sura ngeni akapandisha bei. Mama mpishi akamsogeza pembeni kwa utaratibu kabisa: "Mdogo wangu, huyu ni mgeni wangu. Bei yake ni bei yangu." Tukapata kwa bei ya Mama. Kisha Mama akalalamika kwamba vitu vya dukani vinanuka na harufu itaingia kwenye dagaa, nikapangua mizigo kidogo, tukarudi.

Usiku kikao. Nani anaosha vyombo, nani anachota maji, nani anashika funguo, nani anashika fedha. Fedha anashika Mkorea. Funguo anashika Mkorea. Orodha ya mizigo anashika Mkorea, na saa nne usiku alifungua maboksi yote akayapanga upya yawe machache, ili ushuru wa bandarini upungue. Watu wakisikia "mmisionari" huwaza mahubiri tangu kuche mpaka kuchwe. Mahubiri nimeyatafsiri, ndiyo. Lakini habari za funguo na sufuria nimezitafsiri mara nyingi zaidi.

Alhamisi. Mwanza hadi Nansio

Pikapu nimeiacha kwenye uwanja wa kanisa, mizigo ikaenda bandarini kwa guta. Tangi lilikaa juu ya meli, mbele, na abiria watatu wakalala kwenye kivuli chake.

Mwamba wa Bismarck ukabaki nyuma, na vile vilima vya mawe vya mjini vikaanza kuonekana kama vitu vilivyomwagwa. Safari ni zaidi ya saa tatu. Mkorea alikuja kukaa karibu nami akaniuliza maboya yako wapi. Huuliza kila safari. Nilimwonyesha, halafu nikamwambia kwa nini simcheki. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Makaburi ya wengi wa waliokufa yako Igoma, kwetu. Nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka magari, na nakumbuka mama yangu alivyokataza samaki nyumbani kwa muda mrefu. Sikuhitaji kueleza kwa nini. Akainamisha kichwa tu.

Naye akanipa hadithi ya kwake, ambayo nilishaisikia nusu nusu kwa wazee. Mwaka 1876 Waingereza wanane walitumwa na chama chao cha misheni kwenda kwa Mutesa, Kabaka wa Buganda. Mashua yao, Daisy, ilibebwa vipande vipande kutoka pwani na ikaungwa hapa ukingoni mwa ziwa. Daktari wao alifariki mwaka 1877 kabla hata ya kuvuka. Desemba ya mwaka huohuo, wawili wengine, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Ugomvi haukuwa wao. Ulikuwa baina ya mtemi Lukonge na mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi kisiwani. Songoro alikimbilia kwao, nao wakamkinga, wakafa pamoja naye. Mwenzao Mackay, aliyekuwa fundi wa mitambo, alidumu hadi 1890, akafia Usambiro, kusini mwa ziwa.

"Huwa nawaza," Mkorea akasema, "walikuwa wanagombana kuhusu nini jioni?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilipenda kwamba aliuliza hivyo, na siyo jinsi walivyokufa.

Nansio tulilala kwa shangazi yake Mama mpishi. Ugali wa udaga, sato wa kuchemsha, limao. Mbrazili alikula udaga akasema kwao pia chakula ni muhogo. Shangazi akashangaa: muhogo umefikaje Brazili? Nikamweleza kwamba mambo ni kinyume, muhogo ulitoka kwao ukaletwa Afrika na Wareno. Shangazi akamtazama Mbrazili muda mrefu, akamwongeza ugali.

Ijumaa. Bugolora hadi Bwisya

Tulikwepa kuvuka jana kwa makusudi. Alhamisi ni siku ya gulio Bugolora, upande wa Ukerewe tunakopandia kivuko, na ilikuwa Alhamisi, Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, upande wa Ukara. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200. Fundi mmoja wa mitambo alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili, alikuwa amebaki ndani kwenye chumba chenye hewa.

Leo kivuko ni kingine na maji yalikuwa shwari kama mafuta. Tulipokaribia Bwisya watu wakaacha kuongea, si wote, lakini wengi wa wale wa makamo. Mbrazili, ambaye hanyamazi, akaniuliza nini kimetokea. Nikamwambia hapa ndipo. Akavua kofia. Mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya alimwona, akasogea kidogo ili naye apate nafasi ya kusimama kwenye reli.

Waliozikwa pale wako hatua chache kutoka gatini. Tulisimama. Mkorea aliomba kwa Kikorea, kwa sauti ya chini, na hakuniomba nitafsiri.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi. Hakuna ardhi inayolala. Mashamba yametengenezwa ngazi ngazi kati ya mawe, ng'ombe hufungiwa karibu na nyumba na kulishwa majani, samadi yote inarudi shambani. Dada anasema hajaona kilimo cha kujali hivyo hata kwao. Wageni wengi huja kutafuta jiwe linalocheza. Sisi tulikuwa na tangi.

Jumamosi

Siku ya kazi, na siku iliyoharibika.

Asubuhi ilikuwa njema. Dada na mhudumu wa zahanati walikaa chini ya mwembe na akina mama. Kichocho cha kwetu hapa ziwani zaidi ni kile cha tumboni. Kinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya pwani, kinapita kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini. Hakuna anayeweza kumwambia mtu wa Ukara asiguse ziwa. Kwa hiyo Dada hakusema hivyo. Alisema: maji ya kuoga mkiyateka na kuyaacha siku 2 kwenye pipa lisilo na konokono, vile vidudu vinakufa vyenyewe, ya kunywa yachemsheni bado. Kwa watoto wa shule kuna ile fimbo ya kupimia urefu inayoonyesha vidonge vingapi. Bibi mmoja akauliza, "Na mvuvi je? Asimame wapi?" Dada akasema ukweli, kwamba mvuvi atasimama majini, na kwamba kazi yake ni kumeza dawa inapoletwa na kutumia choo badala ya ufukwe. Bibi akaridhika. Nadhani aliridhika kwa kuwa hakudanganywa.

Paa la kanisa ni mita 15 kwa 8. Mbrazili aliwapigia hesabu vijana ukutani kwa chaki: mita za mraba 120, kila milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni lita 1,200, ukitoa kidogo kwa inayomwagika. Mvua nne au tano nzuri, tangi limejaa. Vijana wakapiga mluzi. Msingi wa mawe tuliumaliza saa sita, gata zikapanda.

Saa nane akafungua boksi la viungio. Gundi hakuna.

Alifungua maboksi yote. Akafungua begi la gitaa. Akafungua hata gunia la dagaa, Mama mpishi akimwangalia bila kusema neno. Halafu akamwendea Mkorea, nami nikafuata kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Aliyosema kwa Kiswahili chake cha dukani ni haya: "Mwambie huyu mzee amechezea mizigo yangu. Mwambie kila kitu anataka kushika yeye. Kwetu nilikuwa bosi wa mafundi sita, hapa naomba ruhusa kununua msumari. Mwambie nimechoka naye."

Nilichomwambia Mkorea kwa Kiingereza: "Anauliza kama inawezekana gundi ilihama wakati wa kupanga maboksi."

Mkorea akafikiri, akasema hapana, aliviangalia vyote. Nikarudisha: "Anasema samahani, hajaiona."

Neno "samahani" lilikuwa langu.

Hivyo ndivyo nimefanya kazi hii miaka mitatu. Nyumbani kwetu mtu akileta maneno ya moto, mpokeaji huyapoza kwanza kabla ya kuyafikisha, na hakuna anayemwita mwongo. Anaitwa mtu mzima. Nilijisifia moyoni kwamba timu nyingine zimevunjika na yetu ipo. Nimewaona wanaorudi kwao kabla ya kibali chao cha ukaazi kuisha, wakisema ni malaria au wazazi wagonjwa, na mimi niliyewapeleka uwanja wa ndege nikijua kwamba ni mwenzao wa chumba cha pili.

Jioni kila mtu alikula upande wake.

Jumapili

Mkorea alihubiri. Aliandaa mahubiri haya tangu Mwanza, kwa hiyo hakuwa na hila, lakini andiko lilikuwa Wafilipi, pale Paulo anapowasihi Euodia na Sintike wawe na nia moja. Mimi nikatafsiri kwa Kiswahili, mzee wa kanisa akatafsiri kwa Kikara, na kila sentensi ilipofika mwisho ilikuwa imeongezeka urefu. Mbrazili alikaa benchi la mwisho akiangalia dari, au tuseme akiangalia gata kupitia dirishani.

Baada ya sadaka ukaja mnada. Wasiokuwa na fedha wameleta mayai, maboga, michembe, na jogoo mmoja mwekundu mwenye kiburi. Mwendesha mnada alikuwa kijana mcheshi. Jogoo akaanzia 10,000. Mkorea akainua mkono, 15,000. Kutoka benchi la nyuma: 20,000. Mkorea hakugeuka. 25,000. Nyuma: 30,000. Vigelegele. Wakina mama wakasimama, wengine wakaanza kucheza, kanisa zima likifurahia moyo wa wageni. Mimi peke yangu, na labda Dada, tulijua kwamba huo si moyo, ni ugomvi. Jogoo akaishia 45,000 kwa Mbrazili, ambaye hakujua kwamba mshindi humkabidhi mchungaji. Akambeba kwapani akatoka naye. Watu wakacheka mpaka machozi, mchungaji mwenyewe akasema, "Mwacheni, amempenda."

Mama mpishi alimchinja jioni. Alipika mchuzi mwingi, akaweka sinia moja tu. Hakuna sahani. "Leo vyombo ni vichache," alisema, na mimi ndiye niliyeviosha asubuhi, nilijua viko kumi na viwili.

Tukala kwa kuzungukana, goti kwa goti. Mbrazili akaanza tena, safari hii kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema akirudi Mwanza ataliandikia kanisa lake limtafutie mahali pengine. "Mwambie," akaniambia.

Nikafungua kinywa: "Anasema akirudi Mwanza angependa kupumzika kidogo."

Dada akaweka tonge chini.

"Kaka," akaniambia kwa Kiswahili kile cha Makoko, taratibu, kila silabi mahali pake, "niwie radhi. Sivyo alivyosema. Na jana pia sivyo."

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Hata watoto waliokuwa wakichungulia dirishani waliondoka. Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta hasira nikakuta aibu tu. Mbrazili alikuwa ananitazama. "Jana umemwambia nini?" Nikamwambia. Akauliza, "Na ile ya Pasaka? Na ile ya pikipiki?" Nikamwambia hizo pia.

Mkorea aliona tu nyuso. "Nini?" akauliza. Kwa hiyo nikatafsiri. Nilianza na ya jana, neno kwa neno, bosi wa mafundi sita, msumari, nimechoka naye. Nikaja ya leo. Halafu nikarudi nyuma kadiri nilivyokumbuka. Mikono yangu ilikuwa na mchuzi na sikuinuka kunawa.

Alikaa muda mrefu. Alisema kwao mkubwa akishika mzigo, wadogo wanapumzika. Alikuwa anashika fedha na funguo ili wasisumbuke. "Nilidhani nambebea," alisema. Nikamfikishia Mbrazili vilevile. Mbrazili akajibu, "Mimi si mtoto." Nikamfikishia Mkorea vilevile.

Hawakukumbatiana. Mbrazili alikwenda kulala. Mkorea aliosha sinia na sufuria usiku huo, ingawa zamu ilikuwa yangu, na alipomaliza akaniambia, bila ukali, "Usinilinde tena." Ningependa angenifokea.

Jumatatu

Maduka ya Bwisya hayana gundi ya bomba. Kurudi Nansio kununua ni siku nzima. Mbrazili alikaa juu ya msingi akizungusha elbo mkononi.

Aliyetuokoa ni fundi mitumbwi wa mwaloni, mzee mkavu asiye na maneno, shemeji ya mzee wa kanisa. Alikuja kuangalia, akauliza maji yanashuka kwa nguvu gani. Mbrazili akasema si kwa nguvu, ni ya mvua tu yanateremka. Mzee akawasha moto wa magunzi ya mahindi. Akachukua ncha ya bomba, akaizungusha juu ya moto bila kuiunguza mpaka ikalainika kama ugali, akaipachika kwenye ncha ya bomba jingine, ikapanuka, ikashika. Kisha akaleta pamba, ileile wanayozibia nyufa za mitumbwi, akaisokota kwenye kiungio, akafunga kwa ukanda wa mpira wa tairi la ndani. Akasema, "Mtumbwi unabeba watu. Hili linabeba maji tu."

Mbrazili, bosi wa mafundi sita, akakaa chini akashika bomba kama mwanafunzi. Walifanya viungio tisa. Mkorea alikuwa anakata ukanda wa mpira. Hawakuzungumza habari ya jana, na mara mbili nilisikia Mbrazili akimwambia "hapa", na Mkorea akishika hapo. Kwa kazi ya namna hiyo mkalimani hahitajiki. Nilikwenda kuchota maji.

Ah, na jambo moja: mchana Mkorea alitoa daftari la fedha ya ujenzi na bahasha, akaviweka juu ya boksi la spana. Hakusema kitu. Mbrazili alivikuta, akahesabu mara mbili, akaweka alama.

Jumanne

Mvua ya vuli ilishuka saa kumi na moja alfajiri. Sote tulitoka, Dada akiwa na kanga kichwani. Maji ya kwanza tuliyaacha yamwagike, maana hayo yanaosha kinyesi cha ndege na vumbi la paa. Halafu Mbrazili akageuza bomba, tukasikia tangi linaanza kulia kwa ndani. Kiungio cha tatu kilidondosha matone. Mzee akaongeza pamba. Basi.

Mchana Mkorea aliandika barua yake ya mwezi kwa kanisa lake. Hiyo barua ndiyo chakula chetu: wanaosoma ndio wanaochangia. Alitaka picha ya watoto wanakinga maji. Mama mpishi akakataa mpaka wakaoge na kuvaa. "Mama zao wataona," alisema. Nilitafsiri hivyohivyo. Ilichukua saa nzima, na katika picha hiyo watoto wanaonekana kama wanakwenda harusini. Mkorea alisema kanisani kwao watauliza sasa msaada wa nini. Mama akajibu: "Waulize kwani maji yanahitajiwa na wachafu tu?" Nikatafsiri na hilo. Mkorea alicheka, picha ikaenda.

Jumatano. Kurudi

Bwisya, Bugolora, Nansio, meli. Alasiri upepo wa ziwani uliamka, mawimbi yakapiga, Dada akatapika kwa heshima ndani ya ndoo. Magugu maji yalikuwa yamejazana karibu na bandari. Hakuna la kueleza zaidi, kila mtu alilala.

Saa mbili usiku nilikwenda kuchukua pikapu uwanjani kwa kanisa. Nilipofungua mlango harufu ilinipiga usoni. Nikainama. Chini ya kiti cha dereva, makopo mawili.

Nilikaa pale na mlango wazi. Kirumba, Mama akilalamikia dagaa, mimi nikipangua mizigo kidogo.

Ningeweza kuyatupa kwenye jalala la Igoma na hakuna ambaye angejua. Niliwaza pia namna nyingine tatu za kulisema, zote laini, na katika zote hakuna aliyekosa. Nikafungua kundi letu la WhatsApp, nikaandika kwa Kiswahili na Kiingereza, maneno yaleyale pande zote mbili: "Gundi ninayo. Niliitoa mimi Kirumba nikaisahau chini ya kiti. Mzee hakuigusa."

Alama za bluu zikatokea moja moja. Dada. Mama. Mkorea. Muda ukapita. Mbrazili akatuma ujumbe wa sauti, nikasogeza simu sikioni.

"Lete sasa hivi," alisema. "Bomba la choo huku linavuja, mzee amelishika kwa mikono miwili."